Kisa cha wagumu wa Moshi: ujumbe ulifungwa, majina yakatoka

Kabla ya kuanza

Kisa hiki nimekiandika kwa ruhusa ya waliohusika. Jina la kampuni, njia ya kupandia mlima na mwaka nimeviondoa, baadhi ya idadi nimezibadilisha, na kuna mahali watu wawili nimewafanya mmoja. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Moshi. Niliingia katikati ya mambo, si mwanzoni, na makosa matatu utakayoyasoma humu ni yangu.

Usuli

Wapagazi wa Mlima Kilimanjaro huitana wagumu. Mzigo wa mgumu hupimwa getini usizidi kilo 20, na malipo yake huja kwa njia mbili: posho ya siku kutoka kwa kampuni, na tipu kutoka kwa wageni. Posho ni ya kula. Tipu ndiyo hulipa ada na kununua bati. Usiku wa mwisho au asubuhi ya kushuka, baada ya nyimbo na makofi, wageni humkabidhi kiongozi mkuu wa msafara bahasha, na mara nyingi ndani yake mna karatasi: viongozi kiasi hiki, mpishi kiasi hiki, kila mpagazi kiasi hiki.

Wagumu wa kampuni moja walianza kushuku kwamba karatasi wanayosomewa siyo iliyoandikwa na wageni. Mmoja wao, aliyejifunza Kiingereza mlimani humo humo, alizungumza na mgeni mmoja wakati wa kushuka, akaambiwa kiasi ambacho hakikufanana hata kidogo na alichopewa mkononi. Wakaanza kupiga picha karatasi kila walipopata nafasi.

Jambo moja kuhusu kazi hii ni lazima lieleweke, maana kisa chote kimesimama juu yake. Wengi wa wagumu hawa hawana mkataba wa kudumu. Mgumu huitwa safari kwa simu. Akikorofishana na wakubwa hafukuzwi, wala hapewi barua ambayo angeweza kuipeleka popote. Simu haiiti tu. Atasubiri wiki, atasubiri mwezi, na akiuliza ataambiwa wageni ni wachache msimu huu. Kwa mtu wa namna hiyo, kufichwa kwa jina lake ni sawa na kulindwa kwa ajira yake.

Wiki ya kwanza

Mgumu mmoja mwenye umri mkubwa kuliko wenzake, nitakayemwita mratibu, alifungua kundi la WhatsApp. Walifika 23. Kundi wakalipa jina la timu ya mpira, na picha ya mpira wakaweka, ili mtu akichungulia simu ya mwenzake asishtuke. Humo wakawa wanatuma picha za karatasi za tipu na sauti za kusimulia safari.

Mratibu aliwahakikishia wenzake kwamba ujumbe wa WhatsApp haudukuliwi hovyo, na hakukosea. Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp husimbwa mwisho hadi mwisho: simu ya mtumaji inaufunga, simu ya mpokeaji inaufungua, na seva zilizo katikati hubeba kitu kisichosomeka.

Kilichotokea hakikuhitaji kuvunja kufuli lolote. Mmoja wa wale 23 alimwonyesha binamu yake kundi lile, kwa kujisifu tu, bila nia mbaya. Binamu alikuwa kiongozi msaidizi kwenye kampuni hiyo hiyo. Akaomba simu, akapiga skrinshoti ya orodha ya wanachama, akajitumia. Namba 23.

Hapo ndipo Tanzania yetu ikaingia. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Tarehe ya mwisho ya zoezi lile, baada ya kuongezwa, ilikuwa 20 Januari 2020. Na ukianza kutuma hela kwa simu, jina la mwenye laini linatokea kabla hujathibitisha muamala. Matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wametufundisha sote kusoma jina hilo kwa makini. Ni kinga nzuri dhidi ya tapeli, lakini siku ile ilifanya kazi nyingine. Aliyekuwa na zile namba 23 alikaa na simu yake, akaanzisha muamala mmoja mmoja, akasoma jina, akaghairi. Hakutumia hata shilingi.

Siku nne baadaye orodha ya safari ilitoka. Wagumu 9 kati ya wale 23 hawakuitwa.

Nilipoitwa

Mratibu alikuja dukani jioni akiwa na vijana wawili. Salamu zilikuwa fupi.

"Fundi, si mlisema WhatsApp imefungwa?"

"Imefungwa, mzee."

"Sasa wametujuaje?"

Nilichukua simu yake, nikaweka namba yangu kama mtu anayenitumia hela, nikamgeuzia kioo. Majina yangu yote matatu yalikuwa pale. Alinyamaza kidogo, kisha akasema neno la Kichaga ambalo sitaliandika hapa.

Kijana mmoja alitaka tufungue kundi jipya usiku ule ule. Nilikataa. Mwingine alipendekeza VPN. Nayo isingesaidia: VPN huficha safari ya data yako kwa mtoa huduma wa intaneti, na hapa aliyevujisha majina hakuwa kwenye mtandao, alikuwa ndani ya kundi. Isitoshe, tangu tangazo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, la Oktoba 2023 wanaotumia VPN wanatakiwa kujisajili, na sikuona sababu ya kuwaongezea watu hawa jambo la kuulizwa. Wazo la tatu lilikuwa laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine. Hilo nililikataa kwa sauti. Ni kosa kisheria, na mambo yakiharibika anayeitwa ni bibi wa watu ambaye kidole chake kilitumika bila yeye kujua. Kila mmoja wao alipiga *106# pale pale kuona kuna laini gani kwa jina lake, na mmoja akakuta asiyoijua. Hilo ni kisa kingine.

Tulianza na swali nililopaswa kulikuta tayari limejibiwa: tunamficha nani, nini? Jibu likawa jembamba kuliko nilivyotarajia. Hawakuwa wakiificha serikali kitu. Walitaka hata ofisi ya kazi ijue. Waliyemficha ni mtu mmoja anayepanga orodha ya safari, na walichomficha ni majina. Maneno yenyewe walitaka yasikike hadi Dar es Salaam.

Maamuzi na sababu zake

Tulihamia Signal, programu nyingine ya kutumiana ujumbe, kwa sababu moja tu: tangu Februari 2024 mtu anaweza kuwa na jina la mtumiaji, na wenzake kwenye kundi wasione namba yake. Kujisajili bado kunataka namba, lakini namba inabaki kati yako na Signal. Kuhusu kile ambacho Signal yenyewe inakijua, kuna ushahidi wa mahakamani: mwaka 2016 nchini Marekani walitakiwa kutoa taarifa za watumiaji, wakawa na vitu viwili vya kutoa, siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa mara ya mwisho. Tuliweka pia mpangilio wa kuzuia mtu asitafutwe kwa namba. Hatua hii ya pili watu wengi huiruka, na bila hiyo mwenye namba yako mkononi anaweza kukupata.

Kuingia kwenye kundi jipya kulikuwa ana kwa ana. Wawili wawili walikutana na kulinganisha namba ya usalama, zile tarakimu 60 ambazo programu huzitoa kwa kila jozi ya watu wanaowasiliana. Zikifanana pande zote mbili, hakuna aliyejipenyeza katikati akijifanya mwenzako. Unaweza kuskani msimbo wa QR ukamaliza, lakini kamera ya simu ya mratibu ilikuwa imepasuka, kwa hiyo yeye alizisoma kwa sauti, tano tano, kama mtu anayeingiza tokeni tatu za umeme wa LUKU mfululizo. Mke wa mwenye mgahawa aliuliza kama umeme umekatika.

Wagumu wengine wanane walikuwa na vitochi. Hao hatukuwatafutia simu janja. Kila mmoja alipewa mtu wa kumwambia mambo kwa mdomo, na maelezo yao yakaandikwa kwenye kaunta buku kwa lakabu walizojichagulia.

Picha za karatasi za tipu zilitaka kazi ya namna mbili. Nakala za kutumwa nje tulizifuta taarifa zinazojificha ndani ya picha, yaani saa, aina ya simu na wakati mwingine mahali penyewe. Picha halisi hazikuguswa. Kwa kila moja tulikokotoa alama yake kwa kanuni ya hesabu iitwayo SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaobadilika wote ukigusa hata nukta moja ya picha. Alama hizo tulizinakili kwa mkono kwenye karatasi, na wakili akagonga muhuri na tarehe. Wakili hakuziona picha wakati ule, wala hakuhitaji. Siku ikifika ya kuzionyesha, mtu yeyote angeweza kukokotoa upya na kuona kwamba hazikuchezewa tangu tarehe ile. Zenyewe zilikaa kwenye flashi iliyosimbwa. Nenosiri lake lilikuwa maneno saba ya Kiswahili, tuliyoyachagua kwa kurusha kete za ludo mara nne kwa kila neno, kutoka kwenye orodha ya maneno 1,296 niliyowahi kuiandaa kwa ajili ya wanafunzi wangu. Mtu akiambiwa achague nenosiri mwenyewe, ataweka jina la mtoto na mwaka. Kete haina mtoto.

Walijadili pia kufungua ukurasa wao wa habari. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 zinataka leseni kwa anayetoa habari mtandaoni, na leseni ina jina. Wakaamua kupitia mwandishi wa habari ambaye tayari yuko kazini kihalali.

Muhuri

Uamuzi uliochukua muda mrefu kuliko yote ulihusu swali la mwandishi mwenyewe. Alisema: nikipokea tamko kutoka kwa watu wasio na majina, nitajuaje kwamba tamko la pili limetoka kwa watu wale wale?

Huku kwetu barua isiyojulikana hupata uzito kwa muhuri wa mtendaji wa kijiji. Kila mtu anajua pia kwamba muhuri huo unachongwa kwa nusu saa kwenye duka la steshenari. Sahihi ya kidijitali ni muhuri usiochongeka. Unatengeneza funguo mbili zilizozaliwa pamoja. Wa siri unabaki kwako, nao ndio unaogonga sahihi. Wa wazi unampa yeyote, nao unaweza tu kukagua kama sahihi iligongwa na ule wa siri. Anayekagua hahitaji kujua jina lako. Anajua tu kwamba mkono ni ule ule.

Tulitumia GnuPG, programu ya kusimba na kugonga sahihi, ya ukoo mmoja na PGP, programu ambayo Phil Zimmermann aliitoa mwaka 1991 na kuchunguzwa na serikali ya Marekani kwa miaka kama mitatu, kwa sababu sheria za huko wakati ule ziliweka usimbaji wenye nguvu kwenye kundi moja na silaha. Uchunguzi ulifungwa Januari 1996. Vijana waliipenda hadithi hiyo kuliko maelezo yangu yote ya hesabu.

Funguo zilizaliwa kwenye laptopu ya zamani isiyounganishwa na intaneti. Ufunguo wa wazi una alama yake fupi ya herufi na tarakimu 40. Hiyo mratibu aliiandika kwenye kipande cha karatasi, akaenda nayo Arusha kwa Hiace, akamkabidhi mwandishi mkononi.

Wiki ya tatu baada ya tamko la kwanza kuchapishwa, ujumbe ulianza kuzunguka: "Sisi wagumu tumekaa na uongozi, tumeelewana, yaliyosemwa awali ni uzushi." Uliandikwa vizuri, pengine vizuri kuliko tamko letu. Mwandishi naye aliletewa. Akatafuta sahihi, hakuna. Hakuuchapisha.

Yaliyokwenda vibaya

Ujumbe ule wa uongo haukumdanganya mwandishi, ila uliwadanganya wagumu wenyewe. Kwa siku mbili stendi nzima ilikuwa inasema mratibu amekula hela. Mwenye kitochi hana namna ya kukagua sahihi, na hata wenye simu janja hakuna aliyekuwa na programu ya kukagulia. Sikulifikiria hilo. Nilijenga kinga ya msomaji mmoja aliyeko Arusha, nikawasahau watu ambao tamko lilisemwa kwa niaba yao. Habari ilinyooshwa kwa njia ya zamani: mratibu na wazee wawili walipita kijiweni, stendi na kwenye msiba mmoja, wakasema kwa midomo yao kwamba hawajaelewana na mtu.

Kosa langu la pili lilikuwa ufunguo mmoja. Laptopu ilikuwa kwa kijana aliyekuwa makini kuliko wote, na nenosiri alilijua yeye peke yake. Akaitwa safari. Hakuweza kukataa, kukataa kungemuumbua. Siku saba mlimani, simu imezimwa kutunza chaji. Siku ya tatu kampuni ikatoa taarifa yake, na jibu likahitajika. Likaenda bila sahihi, na maelezo kwamba "sahihi itafuata". Mwandishi, kwa haki kabisa, alikataa kulitumia. Baadaye nilifikiria njia ambayo Adi Shamir aliieleza mwaka 1979, ya kuigawa siri vipande ili wawili kati ya watatu waweze kuiunganisha. Ni nzuri sana kwenye karatasi. Tuliishia kutengeneza jozi ya pili ya funguo kwa mtu wa pili, mwenye kibanda cha mboga sokoni ambaye hapandi mlima, na alama zote mbili zikawa kwa mwandishi. Mzee mmoja aliuliza kwa nini hatukufanya hivyo tangu mwanzo. Sikuwa na jibu.

Kosa la tatu liliuma zaidi. Tamko la pili lilipita mikononi mwangu kabla ya kutoka. Nilikagua faili: halina jina la mwandikaji, halina saa, halina kitu. Nikalipitisha. Ndani yake mlikuwa na sentensi kuhusu usiku ambao mgeni alishushwa kwa machela, na jinsi fungu la jikoni lilivyokatwa baada ya safari hiyo. Safari yenye machela usiku ni moja tu msimu ule. Timu ilikuwa ya watu 31. Jikoni walikuwa wawili, mpishi na msaidizi wake. Mpishi ni shemeji wa kiongozi mkuu. Hesabu ikaisha hapo. Msaidizi wa mpishi hakuitwa tena safari na kampuni ile.

Matokeo

Kati ya wale 9 wa mwanzo, 6 waliitwa tena kabla msimu haujaisha, wawili walipata kampuni nyingine, mmoja ameingia kwenye bodaboda na anasema harudi. Kampuni ilibadili utaratibu: karatasi ya tipu sasa inasomwa mbele ya wageni na wagumu wote wakiwa wamesimama, na mgumu mmoja aliyechaguliwa na wenzake anaishika. Fedha za misimu iliyopita hazikurudi. Picha halisi hazijawahi kuhitajika, ziko kwenye flashi hadi leo. Ukimtoa msaidizi wa mpishi, hakuna jina lingine lililotoka baada ya kuhamia Signal.

Uchambuzi

Watu wakisimuliwa kisa hiki huuliza programu ipi ni salama. Usimbaji wa WhatsApp haukushindwa hata mara moja, na wa Signal haukushindwa. Tofauti ilikuwa kwenye namba ya simu. Sheria zetu na miamala yetu zimeigeuza namba kuwa kitambulisho kinachosomeka na yeyote, huku programu nyingi zikiendelea kuichukulia kama jina la utani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inagusa wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu, na aliyekuwa anaghairi miamala ile angeweza kuulizwa maswali. Lakini malalamiko huchukua miezi, na orodha ya safari hutoka kila wiki.

Hatua ya kuhama ilichelewa. Majina 23 yalitoka kabla hata hatujafungua Signal, na usimbaji haurudishi nyuma kilichokwisha kuonekana. Kama ningeulizwa leo na kundi linaloanza, ningesema lianze na kaunta buku na lakabu, simu baadaye.

Sahihi ilifanya kazi yake hasa, ingawa kwa eneo dogo kuliko nilivyojidanganya. Alama za picha zilikuwa rahisi na hazikumgharimu mtu kitu; hizo ningezirudia bila kufikiri. Kulinganisha tarakimu 60 ana kwa ana kulileta faida ambayo sikuipanga: kulilazimisha watu kukutana, na kwenye kukutana huko ndiko yule aliyemwonyesha binamu yake kundi alipokiri mwenyewe. Hawakumtoa. Wakampa kazi ya kusomea wenye vitochi.

Kuhusu msaidizi wa mpishi, sidhani kuna hesabu ambayo ingemwokoa. Kufuli hufunga bahasha, halibadilishi kilichoandikwa ndani, na bahasha hii ilikusudiwa kufunguliwa hadharani. Alichohitaji ni mtu wa kuuliza, kwa kila sentensi, ni watu wangapi duniani wangeweza kuisema. Tangu hapo matamko yao husomwa kwanza na mgumu ambaye hakuwepo kwenye safari husika. Akiweza kumtaja aliyesema, sentensi inaondoka. Tamko la tatu lilipoteza nusu ya urefu wake kwa njia hiyo, na mwandishi alilalamika kwamba limekosa ladha.

Lile kundi la WhatsApp lenye picha ya mpira halikufungwa. Mratibu alisema likifungwa ghafla watajua kuna jingine. Linatumika kutangaza misiba na michango, na siku hizi, kwa kweli, mpira.